Mgonjwa wa Nadra kutoka Nyakatuntu

Wenzangu wa kikundi cha kushona, mmeniuliza mara nyingi, kila mmoja akitaka kipande chake: huyu meli, yule treni, mwingine mguu. Na kila nikianza, ama mvua inanyesha ama mtoto analia, habari inakatikia njiani. Basi nimekaa nimeandika yote kwa mpigo mmoja. Mambo ya barua, mihuri na foleni za madirishani sitayatia. Hayo hata mimi yalinichosha.

Wapo waliojiunga juzi na hawanijui vizuri. Mimi ni Domitila, mke wa Gervasi. Asubuhi nalima, jioni nafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili uvimbe ulipotokea nyuma ya paja la kushoto, mdogo kama punje ya buni, hauumi. Mwaka mmoja baadaye ulikuwa saizi ya ngumi. Daktari wa hospitali ya misheni alikata kipande akakipeleka mbali kuchunguzwa, na majibu yalichukua miezi miwili. Siku ya kuyasikia nilikwenda na wifi yangu Adelina, dada yake Gervasi.

"Ni saratani," daktari alisema, "lakini nadra. Nadra sana. Mimi sijapata kuiona. Hapa hatuiwezi, nenda Dar es Salaam."

Kiswahili cha wifi Adelina ni cha sokoni. Anajua bei na salamu, yaliyobaki anayamaliza kwa Kinyambo. Katika maneno yote ya daktari alishika moja tu. Tulipofika nje alinikamata mkono akasema, "Wifi, huyo Nadra tutamshinda."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wala sikumsahihisha. Ugonjwa wenye jina kama la mtu niliuona mwepesi kidogo, kama jirani mkorofi ambaye siku moja utamkuta njiani mkasemezana.

Nyakatuntu hadi Omurushaka

Ilikuwa miaka ile ya uhaba, sabuni ya kutafuta, dizeli ya kutafuta. Tulingoja gari siku mbili pale njia panda, tukarudi nyumbani jioni zote mbili, watoto wakifurahi kana kwamba safari imefutwa. Siku ya tatu likapita lori la kahawa. Gervasi alinipandisha juu ya magunia, kando ya wifi Adelina aliyekuja kuniuguza, akanipa mfuko wa ndizi mbichi na kopo la senene, panzi wa kwetu, waliokaangwa. Ni mtu wa maneno machache, na siku ile hata hayo machache hayakutoka. Alishika kisigino changu tu, akakiachia lori lilipoanza kutembea.

Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Mara tatu tulinasa kwenye matope, na mara tatu abiria wote waliambiwa washuke wasukume.

"Wewe mgonjwa baki juu," dereva aliniambia.

"Naumwa mguu," nilimjibu. "Mikono yangu mizima."

Nilishuka nikasukuma. Tulifika Omurushaka tukiwa tumepakwa matope hadi kwenye nyusi.

Pale basi la Bukoba lilikuwapo, dizeli haikuwapo. Tulikaa siku tatu katika nyumba ya wageni ya Mama Koku, Mhaya wa Muleba, mama mnene mkarimu. Alitupikia ndizi na maharage, akatuuliza tunakokwenda. Nilipomwambia, niliona uso wake ukibadilika. Tangu hapo chai yangu ikawa inakuja katika kikombe cha bati kilichotengwa, na ikishanyweka anakishika kwa ncha za vidole kama anayemwondoa panya.

Asubuhi ya pili nilimwita. "Mama Koku, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Ugonjwa huu hauambukizi. Nimelala kitanda kimoja na mume wangu mwaka mzima, na watoto wangu watatu wananipanda mgongoni. Ungekuwa unaruka, ungekuwa umeshawarukia."

Alinisogelea. Mara akanipokonya kile kikombe mkononi, chai ikiwamo nusu, akainywa yote mpaka masalia. Akafuta mdomo. "Nisamehe," alisema, na siku iliyofuata akanitilia chai katika kikombe chake cha udongo chenye maua.

Bukoba na ziwa

Basi liliondoka asubuhi, likafika Bukoba jioni, na katikati hapo sina la kusimulia, maana nililala kichwa kikiwa begani kwa wifi. Yaliyonikuta yalianza bandarini.

Wifi Adelina hakuwa ameona maji mengi kuliko ya bonde letu. Aliliangalia ziwa muda mrefu. "Nani anayazuia yasimwagike?" aliniuliza.

"Yamezungukwa na nchi."

"Upande wote?"

"Upande wote."

Alitikisa kichwa, hakuniamini. Kwenye meli alikaa juu ya mfuko wetu wa ndizi, akafumba macho, na meli ilipong'oa nanga akaanza rozari. Nadhani alimaliza mafumbo yote akarudia mwanzo. Mimi nilikuwa na furaha ya ajabu ambayo mpaka leo naona haya kuieleza. Nilikuwa na uvimbe pajani, nimewaacha watoto, lakini upepo ule ulinipiga usoni nikajiona msichana. Tulipoteremka Mwanza asubuhi, wifi aligusa ardhi kwa kiganja, akanitazama kwa hasira: "Wewe umetapika?"

"Hapana."

"Mimi mara nne. Na mgonjwa ni wewe!"

Ndani ya treni

Kwenye treni ndiko tulikokaa muda mrefu, kwa sababu mvua ilikuwa imeondoa reli mahali fulani mbele ya Tabora. Tulisimama kwenye stesheni ndogo siku mbili kasoro. Nyumba tano, mti mmoja, na wanawake waliokuja mbio na kuku wa kuchemsha vichwani mara waliposikia honi. Tulishiba kuku kuliko Krismasi. Wifi aliwagawia senene wa kwetu, na mmoja alipong'amua anachotafuna aliutema mguu mmoja wa mdudu, akafikiri, akaomba wengine.

Katika behewa letu alikuwamo Mama Rukia, mfanyabiashara wa Tabora, mwenye sauti ya kusikika behewa la tatu. Siku ya kwanza ya kungoja nilisinzia. Nilipoamka nilimkuta ameinamia wifi, wananong'ona, na wanawake wengine wawili wameshika vifua.

"Amekuwa naye miaka mingapi?" Mama Rukia aliuliza.

"Miwili," wifi akajibu. "Alimwingia mguuni taratibu. Kwanza hakuumiza."

"Na mumewe anajua?"

"Anajua. Yeye ndiye alisema twende naye Dar."

"Astaghfirullah! Twende naye? Huyo Nadra yumo humu treni?"

"Yumo," wifi alisema, akanionyesha kwa kidole pale nilipolala.

Mama Rukia aliona nimefumbua macho, akanikumbatia. "Mwanangu, pole. Mke mwenza akishakutia kitu mguuni hakitoki kwa kisu cha hospitali. Mimi nina mtu Tabora, ila tumeshaipita Tabora!"

Ilinichukua muda kuelewa kwamba wifi, kwa Kiswahili chake, alikuwa amemwoza mume wangu mke wa pili anayeitwa Nadra, mchawi, tena akasafiri nasi. Nilipoeleza maana ya neno lile, kwamba ni kitu kisichoonekana mara kwa mara, behewa zima lilivunjika kwa kicheko. Wifi mwenyewe alicheka akiwa amejifunika kanga usoni. Ni Mama Rukia peke yake aliyeacha kucheka mapema.

"Kwa hiyo hata madaktari hawaijui?" aliuliza, sauti yake sasa ndogo.

"Wanaijua kidogo."

"Basi wewe ndiye utakayewafundisha," alisema. Akanivulia kanga yake ya pili, mpya, akanitandikia chini ya paja mpaka tulipofika.

Dar es Salaam

Joto la kule ni kama kupumulia ndani ya chungu. Wifi alilala barazani pamoja na wauguzaji wengine, akajifunza mji kwa njia yake: siku ya tatu alishajua wapi zinauzwa ndizi za kupika, na siku ya kumi Wazaramo wawili walikuwa wanakula katogo aliyoipika nyuma ya jengo, ndizi na maharage chungu kimoja, wakilamba vidole.

Uvimbe waliutoa. Nilipozinduka niliuliza mguu uko wapi, muuguzi akafunua shuka akanionyesha vidole vyangu vitano. Nikavichezesha. Nikaambiwa sasa ni mionzi, wiki tano, na baada ya wiki ya pili mashine ikasimama kungoja kifaa. Siku kumi na mbili tulikaa bure. Kulikuwa na wagonjwa walionung'unika, wengine wakarudi kwao. Mimi nilianzisha darasa. Katika wodi yetu wanawake sita hawakujua kusoma, nikaomba chaki. Mashine ilipopona, wanne walikuwa wanaandika majina yao.

Wiki ya mwisho daktari aliniita peke yangu. Alikuwa mama wa makamo, mpole, miwani imeshikiliwa na uzi. Alitundika picha ya kifua changu mbele ya taa.

"Domitila, unaona haya madoa?"

Niliyaona. Yalikuwa matano, madogo, meupe, kama punje za mtama zilizomwagika.

"Saratani ya mguuni imehamia kwenye mapafu," alisema. "Hatuwezi kuyatoa yote."

"Na dawa za dripu?"

"Tulizonazo aina hii haizisikii. Tukikupa, nywele zitatoka, utatapika, utadhoofika, na madoa yatabaki palepale. Ukitaka tujaribu, nitajaribu. Lakini sitakudanganya."

"Ulaya je?"

"Ningekutafutia njia kama wangekuwa nayo. Hawana."

Nakumbuka feni ilikuwa inagonga kitu kila ikizunguka. Niliwaona watoto wangu watatu wamekaa kwa mstari, kila mmoja na kimo chake, na Konsolata mwenye miaka tisa akiwa mwishoni. Nililia. Daktari aliacha nilie, hakuniambia nyamaza.

Nilipomaliza nikamwuliza, "Nitakufa lini?"

"Sijui. Nikikutajia mwezi nitakuwa nimebuni. Wa aina yako nimewaona wawili tu maisha yangu yote. Hii inakwenda polepole. Mmoja wao aliishi miaka mingi akiwa nayo, akilima."

"Akilima?"

"Akilima. Mpunga."

Nisikilizeni, wenzangu. Kuna watu wanadhani nilichukua muda mrefu kuamua. Sikuchukua. Nilijipangusa pua nikasema, "Daktari, kama dawa haiisikii, basi na mimi siitaki. Nirudishe nyumbani nikalime."

Alivua miwani. "Utapiga picha Bukoba kila miezi sita. Ukianza kukosa pumzi, usijikaze, nenda hospitali."

"Nitakwenda."

Wifi sikumwambia. Nilimwambia tu tumemaliza. Aliruka, akamkumbatia hata mfagizi. Akataka nyumbani wajue upesi, nikaenda posta kumpigia simu ya maandishi rafiki wa Gervasi, mwenye duka Omurushaka. Niliandika kifupi: DOMITILA AMEKWISHA TIBIWA ANARUDI IJUMAA.

Kurudi

Njia ilikuwa ileile, nyepesi zaidi. Reli ilikuwa imetengenezwa. Nilitembea kwa fimbo, nikipiga soga na kila mtu, nikiwatania makondakta, nikiimba. Mpaka kwenye meli, tukiwa bado tunaiona Mwanza, wifi akanikalisha kando yake. Safari hii hakuwa na rozari.

"Wifi, Nadra yupo bado?"

Niligeukia maji.

"Tangu Dar unaimba asubuhi mpaka jioni. Kwenu hamna waimbaji. Yupo wapi?"

Niliweka mkono kifuani. Akaweka wake juu ya wangu. Tulikaa hivyo mpaka mji ukapotea nyuma yetu. Halafu akasema kwa Kinyambo kwamba kifua kina mifupa mingi, si kama paja; Nadra atapata tabu kutembea humo. Ndivyo alivyosema, na mpaka leo hakuna daktari aliyeniambia neno lililonisaidia zaidi.

"Nyumbani nitawaambiaje?" nilimwuliza.

"Waambie kama ulivyoniambia mimi. Kwa mkono."

Omurushaka tulifika Ijumaa mchana. Duka la yule rafiki lilikuwa limefungwa. Tukapata gari dogo la kubeba mizigo linaloelekea kwetu, dereva kijana mgeni wa njia ile.

"Mnakwenda msibani na nyie?" alituuliza.

"Msiba wa nani?" wifi akasema.

"Mwalimu mmoja wa Nyakatuntu, Domitila. Amefia Dar. Mwili unarudishwa leo."

Wifi alifungua mdomo, nikamfinya.

"Huyo namjua," nilisema. "Tafadhali kaza mwendo, tuwahi kabla hawajamaliza kula."

Baadaye nilijua ilivyokuwa. Mwenye duka alikuwa ameisoma simu sawasawa, akamwambia dereva wa lori. Dereva wa lori akamwambia mwendesha baiskeli. Kila mdomo ulipunguza neno moja. Ilipofika Nyakatuntu ilikuwa: Domitila amekwisha, anarudishwa Ijumaa.

Nyumbani

Uani kulikuwa na watu wengi kuliko siku ya harusi yangu. Wanaume walikaa kwenye nyasi kuzunguka moto, wanawake wapo ndani, wengi wenu mkiwamo, msikatae. Nilishuka kwenye gari na fimbo yangu. Wa kwanza kuniona alikuwa jirani aliyebeba ndoo. Ndoo ikaenda upande wake na yeye upande wake. Kisha zikaja kelele ambazo siwezi kuziandika.

Konsolata ndiye aliyenifikia kwanza. Alinigusa tumbo kwa kidole, akangoja, akagusa tena. Gervasi alisimama mahali alipokuwa, hawezi kuinua mguu. Nikamwendea mimi.

"Umekuja na miguu miwili," alisema.

"Nimekuja nayo."

Akanishika akalia mbele ya wanaume wote. Sijapata kumwona hivyo kabla wala baadaye.

Nilikuwa nimepanga kuwaambia habari za mapafu taratibu, mmoja mmoja, wiki kwa wiki. Lakini nilitazama zile nyuso nikaona wamekwisha kulia, macho yamevimba, wamekwisha kunizika mioyoni. Nikaona hakuna siku bora. Nikasimama katikati ya ua.

"Sijafa," nilisema, "lakini sijapona. Mguuni imetoka, kifuani ipo. Dawa yake haijapatikana popote. Inakwenda polepole, na mimi nitakwenda nayo. Nitalima na kufundisha. Nikichoka nitawaambia. Mtu asije akanizika tena bila kuniuliza."

Halafu bibi mmoja nyuma akacheka, na wote wakaachia.

Kaburi lilikuwa limechimbwa pembezoni mwa shamba. Mzee Petero, baba mdogo wa Gervasi, alisema shimo lililokwisha kuchimbwa haliachwi wazi wala halifukiwi tupu. Desturi ni kuzika gogo la mgomba badala ya mtu. Aliagiza likatwe.

"Baba, shikamoo," nilimwambia. "Gogo litaoza. Tutie mche mzima wa mgomba. Shimo zuri namna hii, refu, udongo umelegea, nitalipata wapi tena?"

Wazee walitazamana. Mzee Petero aliingia shimoni mwenyewe kulipima, akatoka akipangusa magoti. "Linahitaji samadi," alisema tu.

Tulipanda jioni ileile. Kisha wakapakua. Nilikula chakula cha msiba wangu, ndizi na nyama ya ng'ombe, nikaomba kuongezewa.

Mnachotaka kujua kweli

Mnauliza meli na treni, lakini najua swali lenu ni jingine, na mnaona haya. Haya, nalijibu.

Miaka mitatu imepita. Madoa sasa ni saba, na mawili yamekua kidogo. Kilima cha kanisani nakipanda kwa kupumzika mara mbili. Kuna asubuhi naamka nikiwa na hofu, nakaa kitandani mpaka ipungue, halafu natoka kwenda shambani. Siku nyingine siikumbuki mpaka nikohoe.

Wiki ile niliyorudi, nilimshonea Konsolata gauni la kanisani. Sikujua nitapata muda wa kushona mangapi, kwa hiyo nililitia pindo kubwa sana, la kushushwa kila mwaka. Alilalamika kwamba ni zito miguuni. Nililishusha mwaka wa kwanza, nikalishusha wa pili. Mwezi uliopita nilifumua pindo la mwisho, nikaona kitambaa kimefika ukingoni na goti la mtoto bado liko nje.

Jumamosi nilikwenda Omurushaka nikanunua kitambaa kingine, cha buluu, nikamwambia muuzaji anikatie kirefu: gauni hili nalo litakuwa na pindo.